Malipo ya Mtani

Wanaosema wivu huisha mtu akizeeka hawajawahi kuwa nao. Wangu bado upo mzima. Juzi tu nimemwona yule mwanamke akiteremka upande wa sokoni, amejitanda kanga mpya, amenenepa vizuri, na moyo wangu ukaruka vilevile ulivyoruka siku nilipomwona mara ya kwanza, akishushwa kwenye lori la korosho. Nikageuza shingo, nikajifanya nauliza bei ya nyanya. Nyanya zenyewe ninazo nyumbani.

Nalieleza jambo hili kwa sababu hapa Songea watu wengi walikuwapo lilipotokea. Waliliona kwa macho yao, wakalicheka mpaka machozi yakawatoka, na hakuna hata mmoja aliyelielewa. Kwa miaka mingi nilimtoa mmoja tu, na huyo nitamfikia.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sisi tuliozoea kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni, ghafla tukaona maduka yamejaa. Sukari ipo, mafuta yapo, redio za kaseti zinalia kila kona, na mwenye kutaka kufanya biashara anafanya bila kuitwa mlanguzi. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Msamala kutoka kwa masista. Nilikaa huko nikijiandaa kuwa mtawa, mpaka sista mlezi akaniambia kwa upole kwamba moyo wangu una makelele mengi. Hakukosea. Nilirudi na sanduku langu la bati, na mama yangu akalipokea mlangoni bila kunitazama usoni.

Mama alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani. Alikuwa mfupi, anatembea mikono ameifunga nyuma kama mkaguzi wa shule, na kabla ya kusema neno lolote zito alikohoa kidogo, kisha: "Nasema hivi, na Mungu ananisikia." Baba alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo heshima ya nyumba yote aliibeba yeye. Alikwisha kuwatangazia watu parokiani kwamba bintiye atakuwa sista. Niliporudi hakunigombeza hata siku moja. Aliacha tu kukaa benchi la mbele kanisani, akahamia kule nyuma karibu na mlango, na jioni moja tukichambua maharage akaniambia, "Aibu moja nimeibeba. Ya pili usiniletee, mwanangu. Kichwa changu ni kidogo."

Nikaanza kuuza mitumba. Nilinunua belo kwa wafanyabiashara waliotoka Makambako, nikalifungua palepale sokoni, wanawake wakilivamia kama kuku walioona mtama. Jirani yangu mezani alikuwa Myao mmoja wa Tunduru. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kununua korosho, naye alikuwa miongoni mwa waliochangamka mapema. Alizileta zikiwa zimebanguliwa, kwa lori, kupitia Namtumbo, kwenye barabara ile ambayo mvua zikinyesha lori linalala njiani siku kadhaa. Hapa aliziuza kwa vikombe. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, ana mwanya, na alikuwa na tabia ya kuchelewa kucheka. Watu wote wanacheka, wananyamaza, ndipo yeye anaanza.

Sasa, Wangoni na Wayao ni watani. Mababu walipigana, wakachoka, wakapatana, na tangu hapo tumepewa ruhusa ya kutukanana bila kugombana. Mtani anaweza kuingia kwako akabeba kuku wako mchana kweupe. Anaweza kukuita mtumwa wake, au mke wake, vyovyote apendavyo. Ukifiwa, yeye ndiye anayechimba kaburi, anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyotembea na alivyosema, na anaziba njia mpaka alipwe. Na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu.

Kwa hiyo siku ya kwanza aliponiita mke wake mbele ya soko zima, hakuna aliyegeuka kututazama.

"Mke wangu, leo umenipikia nini?"

"Nimekupikia ngozi ya ngoma. Si ndiyo chakula chenu huko Tunduru?"

"Lete. Meno ninayo. Nyie Wangoni mnajua kutupa mikuki tu, kupika hamjui."

"Babu yangu alimteka bibi yako kwa mkuki huohuo. Kwa hiyo wewe ni mali ya ukoo, nyamaza."

Muuza dagaa wa mbele yetu alikuwa akishika mbavu. Tuliendelea hivyo kila siku, na wakati fulani, sijui ni lini, mimi nikaacha kutania. Akiita mke wangu, naitika ndani kabla ya mdomo. Asipofika asubuhi, nakunja nguo zilezile mara tatu nne. Nilimpenda mpaka nikawa kama mgonjwa. Siku aliponifuata nyuma ya vibanda na kusema, bila kuzungusha, "Mtani, mimi mwenzako sitanii tena," nilimjibu kwamba mimi niliacha zamani.

Jumapili mchana, baada ya misa ya pili, tulikuwa tukitembea njia ya Matogoro. Tukikutana na mtu anayetujua, yeye anapaza sauti: "Mnaniona nimemkamata mtumwa wangu, namrudisha nyumbani!" Mtu anacheka, anapita. Hatukujificha hata mara moja. Nadhani hakuna wapenzi walioonekana na watu wengi kama sisi.

Na wivu nilikuwa nao hata kabla ya kupata sababu. Alikuwa na mkono mwepesi wa kuongeza korosho juu ya kikombe kilichojaa, na mimi nikawa nawachunguza wanawake wanaoongezewa. Mama mtu mzima akiongezewa, sawa. Nesi wa hospitali, yule mwenye soksi nyeupe, akiongezewa, namuuliza jioni, "Yule naye ni mtani?" Anasema, "Yule ni Mpare." "Basi mbona unamwongezea?" Anacheka, kwa kuchelewa kama kawaida yake, na mimi sikuona cha kuchekesha.

Kilichotukwamisha kila mtu anaweza kukitaja. Mimi Mkatoliki, binti wa mwenyekiti, niliyetoka kwa masista. Yeye Mwislamu, mfanyabiashara, ambaye mama yake huko Tunduru alikuwa akimtafutia mke. Kwetu kulikuwa na mwalimu mmoja, mjane, anayeongoza kwaya. Mama alikuwa akimkaribisha chai kila Jumapili na kunituma mimi nilete vikombe. Niliviweka mezani kwa kishindo. Yule bwana alikuwa mtu mwema na sina neno naye, isipokuwa alikuwa akila maandazi yetu kama aliyekwisha kutoa posa.

Kisha baba yetu mkubwa akafariki. Wayao wote wa mjini wakaja kutimiza utani wao, na mtani wangu mbele yao. Walichimba kaburi, wakalala ndani yake wakidai ni chumba chao, wakamwigiza marehemu alivyokuwa akilewa. Kazi waliifanya vizuri. Siku moja kabla ya kuanua tanga alinivizia pale ninapochota maji.

"Kesho nitadai malipo yangu ya kuchimba," akasema. "Nitakudai wewe, mbele ya wazee wako wote."

"Watacheka."

"Watacheka, najua. Wewe usicheke. Nakuomba hilo tu. Wakikuona wewe hucheki, watanyamaza, na mimi nitasema yaliyobaki. Nimejiandaa na yote. Kama ni dini, kila mtu abaki na yake, tukafunge ndoa serikalini."

Nikamwambia sawa. Nilimwambia kwa moyo wote, wala sikuwa namdanganya.

Kesho yake ukoo mzima ulikuwa uani. Wazee wako kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, pombe ya mahindi inazunguka. Watani wengine walidai malipo yao: huyu anataka koti la marehemu, huyu anataka jogoo. Zamu yake ilipofika akasimama katikati, ana kuku mweupe kwapani, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama.

"Wazee, shikamooni. Mimi nimechimba, mikono yangu hii hapa ina malengelenge. Koti sitaki. Jogoo sitaki, kuku nimekuja naye mwenyewe. Malipo yangu ni yule pale." Akaninyooshea kidole. "Nampeleka kwangu awe mke wangu."

Uani kukawaka kicheko. Baba mdogo akapiga kelele, "Mchukue, ila ukimchoka usimrudishe!" Wengine wakaanza kupiga vigelegele vya utani. Yeye hakucheka. Alisimama tu na kuku wake, ananitazama, anasubiri.

Mimi nilianza kwa kutocheka. Nataka hilo lijulikane. Niliuma midomo, nikatazama mbele, na wanawake wawili waliokuwa karibu nami wakaanza kunyamaza, wananiangalia. Bado kidogo tu. Kisha nikamtazama mama. Mama alikuwa anacheka kuliko watu wote. Alikuwa amejikunja mkekani, anapigapiga goti, anajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu nirudi na sanduku langu. Nikasema moyoni, mtu mwenye furaha namna hii, nitamwambiaje?

Nikacheka. Na kwa kuwa nikianza jambo silifanyi nusu, nikasimama nikashika kiuno: "Kwa kuku mmoja? Mimi si wa kuku mmoja, mtani! Nenda kalete ghala zima la korosho!"

Hapo watu ndipo walipogaagaa. Yeye alisubiri mpaka wote wakanyamaza, kisha akacheka. Kwa kuwa siku zote alikuwa akichelewa, hakuna aliyeona tofauti. Akamweka kuku chini, akaondoka na Wayao wenzake, na msimu wa korosho ulipoanza akaenda kwao.

Alikaa huko mpaka mvua zikakatika. Muuza dagaa ndiye aliyenipa habari, huku ameshika kiganja cha dagaa hewani. "Mume wako anarudi. Anakuja na mke mwenzio!" Akacheka. Nami nikacheka, nikamwambia, "Mwambie mke mwenzangu anijie na hina," kisha nikafunika nguo zangu, nikaenda nyumbani kabla ya adhuhuri.

Ndoa ilikuwa imefungwa kwao Tunduru. Hapa mjini ndugu zake walioishi Bombambili waliandaa pilau la kumpokea bibi harusi, na lori lililomleta lilipita mbele ya soko letu. Alikuwa amekaa mbele, katikati ya dereva na mume wake. Lilisimama ashushwe asalimie watu. Nikaona mguu kwanza, una hina mpaka kwenye kifundo, mguu mwembamba wa kike, hata kisigino hakina mpasuko. Nikatazama vyangu. Nawaambieni, niliuchukia ule mguu kabla sijauona uso.

Mama alisema tutakwenda Bombambili. "Ni watani wetu, walituzikia. Tusipokwenda tutaonekana vipi?" Tukaenda. Njiani nilikuwa mtulivu. Nilikuwa nimepata wazo, na lilinifanya nitembee haraka mpaka mama akalalamika.

Mtani ana ruhusa ya kuziba mlango wa bibi harusi. Hilo ni jambo la kawaida. Anaziba, anatukana kidogo, anatupiwa vijisenti, anapisha. Bibi harusi alipofika mlangoni, amefunikwa kanga, wanawake wanamwimbia, mimi nikajitupa kizingitini, nikalala kifudifudi juu ya saruji.

"Hapiti mtu! Huyu mwanamume ni wangu!"

Vigelegele. "Mngoni kaanza!"

"Ni wangu mimi! Alinitaka mbele ya wazee, kila mtu alisikia! Nilimpenda, na nampenda sasa hivi! Wewe umepewa mahari tu, mimi nilipewa maneno! Mrudishe alipokuwa! Mrudishe!"

Nilikuwa nalia. Si kulia kwa kuigiza, ni kulia kule ambako kamasi zinatoka na hujali. Nilipiga saruji kwa ngumi mpaka vidole vikachubuka. Niliyasema yote, hakuna nililobakiza, na nilifikiri kwamba mtu yeyote mwenye masikio angejua. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyocheka. "Jamani anajua huyu!" nikamsikia mwanamke mmoja akisema. "Analia kabisa!" Vijisenti vikanidondokea mgongoni. Mama yangu nilimsikia akiwaambia majirani kwa fahari, "Huyo ni binti yangu." Na yeye mwenyewe bwana harusi alisimama nyuma ya mke wake, anatazama viatu vyake vipya. Safari hii hakucheka hata kwa kuchelewa.

Bibi harusi akainua kanga iliyomfunika. Alikuwa mzuri, sitaki kusema uongo, na alikuwa mdogo. Alinitazama bila tabasamu lolote. Watu walikuwa bado wanapiga kelele alipoinama, akaniambia taratibu karibu na sikio, "Dada, inuka. Sakafu ina baridi."

Huyo ndiye yule mmoja niliyesema nitamfikia. Nikainuka nikampisha. Ningemsamehe kama angecheka.

Baada ya hapo yeye mtani wangu alihamishia meza yake upande wa pili wa soko. Nilimfuata mara moja tu.

"Ungeomba tena," nikamwambia. "Mara moja tu umeomba, ukakimbia."

"Mtani akidai mara mbili anakuwa ombaomba," akasema. Alikuwa anapanga vikombe vyake, hanitazami. "Na wewe ulidai kwangu siku nimekwisha kuoa."

Hakuna zaidi tulilozungumza. Mwalimu wa kwaya nilimkataa mwezi huohuo, kwa heshima, nikimwambia mimi ni mtu wa makelele. Mama alikohoa, akaanza, "Nasema hivi, na Mungu ananisikia," kisha akainuka. Alikwenda kulala mapema.

Nilidhani mji ni mkubwa wa kutosha kukaa na mtu bila kumwona. Wapi. Yule mke alikuja mezani kwangu kununua gauni. Alisimama kwa adabu, akaniita dada, akauliza kama nina lolote la kumfaa. Belo lilikuwa limefunguliwa asubuhi ileile, nguo nzurinzuri nimezitundika juu. Nikamwambia zote zimewekewa oda. Nikainama chini ya meza, nikamtolea gauni la kahawia, la bibi kizee wa Ulaya, lina mikono mipana na kiuno hakijulikani kilipo. Akalijaribu juu ya nguo zake. Likampendeza. Nikawa natazama, siamini. Watu waliopita wakaanza kuniuliza kama ninayo mengine ya namna ile.

Kisha akaanza kwenda nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa nikisafiri kufuata belo, siku nyingine nalala Makambako, na kila nikirudi nakuta bakuli la korosho mezani. "Mwizi wangu alikuja," mama anasema, anacheka peke yake. Ni utani wao: yeye Myao, mama Mngoni, anaingia anafunua masufuria, anamwambia mama kwamba amekuja kukagua watumwa wake. Mama alikuwa akimsubiri. Mimi nikiingia na uchovu wangu na robota kichwani, mama ananiuliza habari za safari. Yeye akiingia, mama anacheka kabla hajasalimiwa. Nilikuwa nasimama jikoni nasikiliza vicheko vyao, na nakoroga uji kwa nguvu isiyohitajika. Mume amechukua, nasema peke yangu, na mama naye ananichukulia.

Miaka kadhaa baadaye mama alipougua, ugonjwa wa kuvimba miguu uliomweka kitandani, nilitaka kuacha biashara nimuuguze. Akakataa. Dawa zilikuwa za kununua wakati ule, na bila mitumba tungenunulia nini? Basi mchana alibaki na majirani wa jumuiya, waliokuja na "Tumsifu Yesu Kristo" zao na kuondoka kabla ya jua kuwa kali. Aliyebaki mpaka jioni alikuwa yule mke, na mtoto wake mgongoni. Alimwosha mama miguu. Alimkata kucha. Nilirudi siku moja nikazikuta zile kucha zimekusanywa vizuri kwenye kipande cha gazeti, na badala ya kushukuru nilikereka, maana nilikuwa nimepanga kuzikata mimi Jumamosi.

Mama alifariki alfajiri, mimi nimemshika mkono. Hilo walau nililipata mimi.

Watani wakaja. Wanaume wakaenda kuchimba, na mtani wangu pamoja nao, amezeeka kidogo, ana mvi mbili tatu kidevuni. Uani palijaa kuliko msiba wowote niliouona Msamala. Jeneza likawa tayari, padri amefika, tunataka kulitoa, na ghafla mlango ukazibwa.

Alikuwa yule mke. Alikuwa amevaa gauni la bluu la mama, lile la jumuiya lenye kola nyeupe. Yeye ni mrefu, mama alikuwa mfupi, kwa hiyo liliishia magotini. Mikono ameifunga nyuma. Akatembea mbele ya mlango, huku na huku, na nawaapia, mgongo ule ulikuwa wa mama. Watu wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Akakohoa kidogo.

"Nasema hivi, na Mungu ananisikia!"

Wanawake wa jumuiya wakapiga mayowe. Akawakagua mmoja mmoja: huyu anachelewa kusali, huyu anasinzia kwenye rozari, huyu alichukua sufuria la jumuiya na hakulirudisha. Watu walikuwa wameshikana mabega. Hata padri aligeukia ukutani. Kisha akaja mpaka nilipokaa mimi, akasimama, akakohoa tena.

"Na huyu binti yangu, mnamwona? Siku ile mtani alipomdai mbele ya ukoo, huyu alikuwa hataki kucheka. Ninyi hamkuona, mimi nilimwona. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Nikasema, mwenyekiti, leo unaumbuka! Basi nikacheka. Sikuwa na kicheko, nikakitafuta. Nikajikunja, nikapiga goti, nikacheka mpaka nikamtoa na yeye kicheko kwa nguvu. Heshima yangu ikabaki mahali pake. Sasa mimi nakwenda, na kicheko kile nakiacha hapa mlangoni. Huko niendako hakiingii."

Kicheko kilichofuata kilisikika barabarani. Baba mdogo, kizee sasa, aligonga fimbo chini akisema, "Wayao! Wayao wana maneno!"

Mimi sikucheka. Safari hii niliweza. Nilikuwa nahesabu mambo kichwani. Yule mwanamke hakuwapo siku ile, alikuwa binti mdogo kwao Tunduru. Mume wake alikuwapo, lakini alikuwa ananitazama mimi, hakumtazama mama. Kilichotoka mdomoni mwake kingeweza kutoka kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa kwenye sanduku nyuma yake. Mama alijua. Alijua siku ile, alijua nilipolala kizingitini Bombambili, na alijua kila nilipoingia na robota kichwani tukaulizana habari za safari. Miaka yote ile tulikaa nyumba moja, tukala sahani moja. Na siku alipotaka kulitua jambo hilo, hakunitulia mimi. Alimpa yeye.

Niseme kweli niliyoisikia saa ile. Haikuwa huzuni, wala haikuwa hasira kwa mama. Ilikuwa wivu, uleule, mkubwa kuliko wa mume.

"Sipishi mpaka nilipwe," akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nataka gauni hili. Nimpeleke mama kwangu."

Watu wakaitikia, "Mpe! Mpe mtani!" Kwa desturi ilikuwa haki yake. Pale uani, nyuma ya watu, niliona wachimbaji wamerudi, na mume wake amesimama na jembe lenye udongo mwekundu.

Nikasimama. "Gauni la mama yangu hukai nalo," nikasema. "Mume umekaa naye, inatosha."

Walicheka, jamani. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mume aliinamisha kichwa, akaanza kukwangua udongo kwenye jembe kwa kidole cha mguu. Mke hakucheka, wala mimi. Tulisimama tukatazamana. Kisha akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga zake, gauni amelikunja vizuri, kola juu, kama mama alivyokuwa akilikunja. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akapisha mlango.

Nililipokea. Lilikuwa bado na joto la mwili wake.